Tyubu Alizozifagia Mama

Kaolack, Jumapili, baada ya mvua ya kwanza

Kwako Dada Ndela,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kivulini, miguu umeinyoosha, na wala si jikoni na moshi machoni. Je, hujambo? Shemeji naye hajambo? Mapacha wanaendeleaje, bado wanang'atana? Joto la Tamba limepungua au mnaendelea kuiva? Huku sisi hatujambo. Mama ni mzima, na neno hilo "mzima" safari hii nimelikandamiza kwa kalamu, utaona kwa nini. Mimi mdogo wako pia ni mzima, na uzuri unazidi tu. Wasichana wa sokoni wanakuja mezani kwangu kununua marashi ambayo hawayahitaji, na mimi sina la kufanya.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nikikupigia, shemeji huweka spika ili naye asikie salamu, na habari hii si ya spika. Nimemkabidhi Ibu dereva, naye ameapa hataifungua, lakini Ibu ni Ibu, kwa hiyo nimemwaga gundi ya kutosha kushika kiatu. Isome peke yako, wala usiisome mbele ya mama mkwe. Makosa ya kuandika unisamehe. Unajua niliacha shule darasa la sita baada ya mimi na mwalimu kutofautiana. Yeye alisema nusu ya theluthi ni sudusi, mimi nikasema ni uchoyo.

Tuanze na Mzee Meduni Diop. Unamkumbuka, yule mgane anayedarizi makanzu, mwenye kibanda mkabala na kinu cha mtama. Tangu zamani hupita kwetu jioni kununua chere ya mtama ya Mama, na kwa kuwa yeye ni Diop na Mama ni Ndiaye, koo za utani, maneno hayakauki mlangoni. Akifika huuliza kama watumwa wake wamekwisha kumpikia. Mama humjibu kwamba mtumwa ni yeye, alinunuliwa kwa bakuli la wali, tena bakuli lenyewe lilikuwa na ufa, na kwamba Diop hata akifa usipitishe sufuria karibu, atakaa kitako. Basi watacheka, atakula, ataondoka.

Mwaka juzi utani ukapata miguu. Diop alituma wajomba zake wawili na kola, zile kokwa za posa, wakakaa mkekani wakasema ndugu yao anaomba kumwoa Mama. Mama akacheka, akatafuna kola moja, nyingine akazirudisha, akasema yeye haolewi na mali yake mwenyewe. Watu wote wakacheka. Diop naye, alipopelekewa jibu, alicheka, ila siku ile alidarizi shingo ya kanzu ya imamu upande wa mgongoni. Mwaka jana akatuma tena, na jibu likawa lile lile. Tatizo la kumposa mtani ndilo hilo, Dada: ukikataliwa hujui kama umekataliwa au umetaniwa. Akanijia mezani, akaninong'oneza kama mwanaume kwa mwanaume, akaniomba nimpatie ukweli, maana moyo wake sasa umebaki kama kanzu yenye mkono mmoja. Nikamwambia aniachie mimi. Unanijua.

Maana mimi nataka Mama aolewe, sikufichi. Si kwa kutamani chumba chake, ingawa kina feni. Ni kwamba akiisikia sauti ya Diop uchochoroni hukifunga upya kilemba chake, na Diop akishaondoka hubaki na mwiko mkononi amesahau anachokoroga. Mtu hamkatai mtu namna hiyo. Nikasema hapa pana jambo, na mimi ndiye nitakayelichimba.

Jambo lenyewe likaanza kuchungulia kwenye mafuta ya shea. Mama alikuwa akichukua makopo mezani kwangu, moja halijaisha anataka lingine. Nikimuuliza, husema ni ya visigino. Nikavitazama visigino: vimepasuka kama mashamba ya chumvi wakati wa kiangazi. Nikamuuliza basi mafuta yanakwenda wapi, au anayala? Akanirushia mwiko. Akaanza kuchukua na ubani wangu wenye marashi, ule mkali, anaweka makaa kwenye chetezo na kuukalia moshi wake kila jioni mpaka chumba kikafanana na banda la kukaushia samaki. Ndimu zikawa zinatoweka, chumvi inatoweka, na dawa ya kuoshea vidonda, ile inayonuka hospitali, inatoweka na chupa yake. Na kwenye kigoda alikuwa akiketi upande mmoja, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Mimi, ambaye soko zima huniita Daktari wa Ngozi (nisijisifu, ni wao), nikaelewa kwamba kuna kitu kinamuwasha, na si kisigino. Lakini mtoto wa kiume atamuuliza vipi mama yake anawashwa wapi? Nikaenda kwa Shangazi Astu.

Unamjua Shangazi na uso wake. Alijichubua miaka na miaka mpaka mashavu yakawa mekundu na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, kama mtu aliyeazima mikono ya jirani. Siku hizi anatibiwa na daktari wa ngozi, Daktari Kajatu Mane, mwanamke mrefu wa Kazamansi, na humtaja kama wengine wanavyowataja mashehe wao. Nikamweleza habari za shea, ubani, ndimu na kigoda. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza kama nimewahi kumwona Mama akijikuna, nikamwambia kuna mahali macho ya mwana hayaendi. Akavaa viatu.

Waliyoyasema chumbani mwanzoni sikuyasikia, maana nilifukuzwa. Ya mwisho niliyasikia, kwa kuwa Shangazi akikasirika mtaa mzima huwa umepata redio. Alikuwa akisema kwamba kuwashwa siku tatu ni kuwashwa, lakini kuwashwa mwaka wa pili ni ugonjwa, na kwamba ngozi ya pale ni ngozi tu kama ya kiwiko, daktari anaitazama na anasahau. Mama akamjibu kiwiko hakivuliwi nguo. Shangazi akasema kama shida ni nguo basi atavua yeye kwanza, waingie wote wawili uchi kama vifaranga, daktari achague pa kuanzia. Nikasikia Mama anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kesho yake wakaenda.

Sasa kabla hujasikia walivyorudi, lazima nikusimulie lililotokea sokoni baada ya wewe kuolewa, maana nadhani Mama hakukwambia. Wakati ule meza yangu ilikuwa na krimu za kujichubua za kila aina, na juu ya zote kulikuwa na tyubu ndogo nyeupe zenye mstari wa kijani, kali kuliko zote. Hakuna bibi harusi aliyeolewa mtaani bila kuja kuzitafuta. Siku moja mchana, soko limejaa, Mama akaja na fagio la uwani. Hakusalimia. Alifagia meza yote, tyubu zikaingia mtaroni moja baada ya nyingine, akageuka akawaambia wanawake waliokusanyika kwamba anayetaka kubadilisha ngozi aliyokatiwa na Mungu aje kwake kwanza, yeye ana brashi ya chuma ya kusugulia sufuria. Toka siku hiyo anaitwa Mama Fagio. Wasichana waliojichubua wakimwona hupita njia nyingine. Mimi nikahamia kwenye marashi, ubani na shea, na nashukuru, kwa sababu kunukia kunauza kuliko kung'aa.

Basi fikiria, Dada. Mama anarudi kutoka hospitali, uso umekunjamana, anaingiza mkono kwenye mfuko wa duka la dawa, anatoa tyubu. Ile ile! Nyeupe, mstari wa kijani. Akanitupia kifuani, akasema hongera, hata daktari ni mteja wangu. Akasema amekwenda kuonyesha weupe, wakampa dawa ya weupe, na kwamba hao watu wa hospitali na mimi tumesoma shule moja, tena tumeiacha darasa moja. Shangazi Astu alikuwa nyuma yake, amejifunika mtandio mbele ya tyubu iliyomla uso.

Ndivyo nilivyojua kwamba ana weupe mahali. Hapa nilitaka niandike "mahali" tu nipite haraka, lakini Mama yuko hapa pembeni anapepeta mtama na kunisikiliza nikisoma, na ameniambia niandike jina kama daktari alivyolitamka bila kukohoa, kwa sababu mimi na wewe tulipita hapo hapo na hatukuona haya. Haya basi. Ni kwenye uke, ngozi ya nje. Imekuwa nyeupe, nyembamba, inang'aa na kukunjamana kama karatasi ya sigara. Inawasha, inachanika kwa kitu kidogo, na baadhi ya mikunjo yake imesinyaa kama vile inataka kufutika. Tena palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kupona kwa miezi. Daktari alipokiona hicho alikata kipande kidogo sana cha ngozi, kwa ganzi, kikapelekwa Dakar kupimwa.

Siku ile mimi sikungoja. Nilichukua tyubu nikaenda hospitali nikiwa nimevimba kama chura, nikasubiri mpaka Daktari Kajatu akamaliza wagonjwa, nikamwekea tyubu mezani, nikamuuliza kwa nini anamchubua mama yangu. Akasema yeye hazungumzi habari za mgonjwa na mtu yeyote, hata awe amezaliwa naye. Nikasema basi tuzungumze habari za tyubu, maana hiyo naijua kuliko yeye. Akaegemea kiti, akaniomba nimfundishe. Na mimi, Dada, nikamfundisha! Nikamwambia paka uso, shingo, mikono na miguu, asubuhi na jioni, changanya na losheni ya maji, tyubu ikiisha nunua nyingine, usiache mpaka siku ya harusi. Hakuandika chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anashukuru, sasa ameelewa wagonjwa wake wa Jumatatu wanatoka wapi.

Halafu akanieleza, nami nikakaa chini. Alisema hiyo ni dawa ya kutuliza ngozi iliyochachamaa, na kwamba huko kuchubua ni madhara yake, yanampata mtu mzima asiyeumwa anapojipaka mwili mzima kama siagi. Lakini kuna ugonjwa ambao mwili wenyewe huishambulia ngozi ya sehemu hizo, na hapo dawa hiyo ndiyo yenyewe: tone la kukaa ncha ya kidole, pale penye ugonjwa tu, mara moja kwa siku kwa wiki kadhaa, kisha inapunguzwa, na daktari anaangalia. Akasema ugonjwa huo hauambukizi, hautoki kwa mwanaume, hautoki kwa uchafu, na mwanamke anayejiosha kwa ndimu na chumvi na kuukalia moshi wa ubani anaikwaruza ngozi inayoomba kupumzishwa. Maji matupu yanatosha, na shea isiyo na marashi haina ubaya. Kwisha kabisa hauishi, unatulizwa, na mtu lazima awe anarudi kutazamwa, kwa sababu kwa wanawake wachache ngozi hiyo baadaye hutoa saratani. Ndiyo maana kidonda kisichopona, uvimbe, damu au doa geni mahali pale havisubiri Ramadhani ipite. Nikamuuliza kama watu fulani waliokatwa kipande wana saratani. Akasema watu fulani wakawaulize mama zao. Kisha akanirudishia tyubu, akasema nimpelekee mwenyewe.

Nikarudi nyumbani kumweleza Mama, nikamweleza kwa lugha nzuri kabisa, na yeye akasema tangu lini mwizi wa kuku akawa wakili wa mbweha. Aliyemshinda ni Shangazi Astu. Alikuja akaketi mbele yake, akaondoa mtandio usoni, mchana kweupe, akamwambia atazame vizuri. Akasema yeye alijipaka kopo zima kuutafuta weupe, akapata alichopata, na amekoma. Mama weupe umemjia wenyewe, na dawa ya kuuzuia anaitupa kwa sababu ya hasira za fagio! Akamwambia kama anaona tyubu hiyo ni adui basi aitumie kama mtumwa, tone moja, kazi moja, kisha irudi kabatini. Mama akanyoosha mkono. Akaichukua.

Wiki ya pili nikagundua ndimu zangu zipo. Ya tatu ubani ukabaki kwenye kopo. Lakini majibu ya Dakar yalikuwa hayajaja, na Mama akaanza kugawa vyombo. Sinia la bibi akasema ni lako. Chetezo cha shaba kwa Shangazi. Mimi akaniambia nijifunze kupika chere, nikapika, ikawa uji, akaiweka chini bila kunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama kutonitukana!

Majibu yalipotoka walikwenda yeye na Shangazi. Mimi nilikaa mezani nikauza chupa mbili za marashi kwa bei ya moja, hata sijui nilikuwa nafanya nini. Nikamwona Mama anakuja kutokea upande wa samaki, anatembea polepole, na alipofika akasema sinia la bibi bado ni lake. Si saratani. Ni ugonjwa ule ule wa ngozi, atarudi kutazamwa baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Jioni ile aliketi kwenye kigoda akakijaza chote, upande huu na huu, akasinzia na kijiko mkononi.

Sasa nifike kwenye kiini, ambacho amenipa ruhusa jana tu. Weupe ule aliuona mara ya kwanza mwaka ule ule aliofagia meza yangu. Ndipo Diop akaja na kola. Na Mama akawaza: nikiolewa, kuna wanawake wataniosha kabla ya kunipeleka, na wataona. Diop ataona. Watasema Mama Fagio alifagia mchana, usiku akarudi mtaroni kuokota. Watasema amejichubua mpaka huko. Hiyo ndiyo sababu, Dada. Si kwamba hamtaki. Alirudisha kola kwa mzaha mara mbili, akavumilia mwasho na kidonda, hakumwonyesha hata mkunga anayekaa mlango wa tatu, yote kwa ajili ya maneno ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyasema. Aliponiambia nilitafuta la kumtania, nikakosa. Mimi nikakosa!

Jumatano Diop alipokuja kununua chere, Mama akanituma sukari. Nikaenda kuitafuta nyuma ya ukuta. Akamweleza yote, ngozi, kipande, Dakar, tyubu, na akamwambia ni ugonjwa wa kuishi nao, kwa hiyo kama anataka kuondoka aondoke na chere yake, haidaiwi. Nikamsikia Diop akiweka bakuli chini. Kisha akauliza kama ni hilo tu. Mama akamuuliza alitaka liwe na mkia? Ndipo mzee wa watu akakohoa, akasema kwamba na yeye ana ngiri, inashuka tangu mwaka juzi, anaifunga kwa kitambaa chini ya kanzu, na ndiyo maana alikuwa akituma wajomba badala ya kuja kuketi mkekani mwenyewe. Alidhani Mama amepata habari na ndiyo anamkatalia. Dada, Mama alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta huo huo nilioegemea mimi. Akamwambia sasa anaelewa kwa nini akina Diop hutembea kana kwamba wameiba boga.

Kisha sauti ikabadilika. Akamwambia kola hazipokei mpaka naye akavue mbele ya daktari kama yeye alivyovua. Hilo ndilo sharti lake la kwanza, mengine watajua wajomba. Diop alikwenda Alhamisi. Amepangiwa upasuaji, na akishapona wataifunga ndoa msikitini, baada ya karanga kuvunwa. Kanzu yake anaidarizi mwenyewe, na safari hii shingo iko mbele.

Limebaki moja, na hili Mama ameacha kupepeta ili alisikie. Daktari alimuuliza kama ana binti, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingine hupita ndani ya ukoo. Mama akakumbuka kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimlalamikia mwasho, naye alikuosha kwa maji ya chumvi na kukwambia uache utovu wa adabu. Anasema alikosea, hakujua, na anaomba umsamehe. Anasema chukua kioo ujitazame kwa mwanga mzuri. Ukiona weupe au ngozi iliyobadilika, au kama bado unawashwa, nenda kwa daktari, usingoje kuwa na uhakika. Huhitaji kuniambia mimi wala shemeji. Yeye tu mwambie, hata kwa neno moja, kwamba umejitazama.

Wasalimie shemeji na mapacha, na mama mkwe wako mpe salamu ndefu zisizo na habari ndani yake. Shangazi Astu anakusalimu, majirani wanakusalimu, hata Diop anakusalimu ingawa hajui nakuandikia nini. Mama hakutuma salamu. Ameniambia nimsomee tena pale alipoomba msamaha, asikie kama nimepaandika sawasawa, na nimemsomea.

Ndimi mdogo wako,
Mapate Seye